Mvua ya Benchi la Manchester

Mwezi wa nane ulipoingia, fundi cherehani alikuwa barazani pake akifumua nembo za msimu uliopita kwenye jezi za watu. Kazi hiyo haitaki haraka. Unashika wembe, unakata uzi kwa upande wa ndani, unavuta taratibu, na nembo inabanduka nzima kama gamba la kidonda kilichopona. Jezi ya mwaka huu na ya mwaka jana ni mtu na pacha wake. Kinachobadilika ni jina la kampuni kifuani na mstari mmoja begani. Ila bila huo mstari mtu hawezi kukaa mbele ya wenzake siku ya ufunguzi. Kwa hiyo wanamletea fundi. Anafumua, anabandika, anapiga pasi, na mtu anashuka barazani ameshaingia msimu mpya.

Alishona za timu zote isipokuwa Manchester. Hizo zilikuwa kazi ya mkewe. Mkewe alikuwa Manchester na yeye Arsenal, na walioana hivyohivyo, wakazaa hivyohivyo, na cherehani zao mbili zikakaa bega kwa bega miaka yote, kila moja na nyekundu yake. Wateja walikuwa wakisema nyekundu ni nyekundu tu.

"Damu na wino mwekundu ni kitu kimoja?" mkewe alikuwa akiwauliza.

Siku Arsenal ikiifunga Manchester, chakula nyumbani kilikosa chumvi. Fundi alikula yote, maana ushindi nao una gharama zake.

Sasa cherehani ya mke ilikuwa imefunikwa shuka. Mkewe alikwenda kituo cha afya kutolewa uvimbe tumboni, kitu kidogo, daktari mwenyewe alisema ni kitu kidogo. Pale getini kuna bomba. Mheshimiwa alikuja kulizindua kwa mkasi na utepe, maji yakatoka mpaka jioni, watu wakapiga vigelegele, na lile gari la tangi lililofichwa nyuma ya ukuta lilipokauka, na bomba likakauka. Toka hapo mgonjwa anakuja na maji yake. Fundi alipeleka ndoo kwa baiskeli kutoka mbali, nusu ikamwagika njiani, na nusu iliyobaki ikagawanywa wodi nzima. Uvimbe ulitoka vizuri. Kidonda ndicho kilichooza. Wakubwa walituma mtu msibani na shada la maua ya plastiki, kwa sababu maua ya kweli yanataka maji.

Banda la mpira liko ng'ambo ya barabara. Mabati juu, mabati ubavuni, televisheni kubwa ukutani, na mabenchi yaliyopangwa kwa timu: Arsenal kulia, Manchester kushoto, Liverpool na Chelsea katikati kwa kuwa wanaelewana kwa kutukanana, na nyuma karibu na mlango benchi fupi la Barcelona, watu wapole waliozoea kuingia wamechelewa. Manchester inayosemwa hapa ni ile nyekundu. Ile ya bluu haikuwa na benchi. Ilikuwa na mwalimu mmoja juu ya kreti ya soda.

Humo bandani mtu hahami timu ovyo. Anaweza kuhama nyumba, kuhama dini, kuhama hata mke, na watu wakaendelea kumsalimia. Timu ina utaratibu wake. Dirisha la usajili la bandani hufungwa siku moja na lile la Ulaya, mwisho wa mwezi wa nane. Anayehama anapanda juu ya benchi lake mbele ya watu wote, anataja anakotoka na anakokwenda, anavua jezi na kuwarudishia wenzake, na wale aliowaacha wana ruhusa ya kumtukana mpaka mapumziko, mradi wasimtaje mama yake. Dirisha likishafungwa, hata mkifungwa saba kila wiki, unabaki ulipo.

Jumamosi ya kwanza ya msimu Manchester walicheza kwao, na huko kwao kulikuwa kunanyesha. Wachezaji walipoingia uwanjani, mvua ikaanza bandani pia, juu ya benchi la Manchester. Ilikuwa mvua ya baridi, ya kushuka ulalo, yenye harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa asubuhi. Mwenye banda alitazama juu, akaona mabati hayana tatizo, akauhamishia waya wa umeme upande wa Chelsea na kuwaomba watu wainue miguu. Wenye benchi walizifunga simu zao kwenye vifuko vya plastiki wakaendelea kuangalia. Filimbi ya mwisho ilipolia, mvua ikakata. Mama mmoja wa benchi hilo, muuza mkaa, rafiki wa marehemu, aliikamua leso yake kwenye kiganja, akayatazama yale maji, akayaonja.

"Matamu," alisema.

Neno hilo lilitosha. Mabomba ya mtaa mzima yalikuwa makavu tangu uchaguzi ulipoisha. Gari la maji liliacha kuja wiki ileile ya matokeo. Manchester walipocheza tena kwao, katikati ya wiki, benchi lilikuja na ndoo, madumu, masufuria, na mtu mmoja alikuja na beseni la kuogeshea watoto akakaa ndani yake.

Baada ya muda mfupi kila mtu alikuwa ameshajua mambo yanavyokwenda. Hali ya hewa ni ya mwenye uwanja. Mgeni hapati kitu. Arsenal walicheza kwao jua likiwaka, na benchi lao likapata jua, watu wakatoka na jasho la bure. Barcelona walipocheza kwenye joto la kwao, benchi fupi lilibabuka midomo. Mtu wa Liverpool alijipenyeza katikati ya Manchester kwa jezi ya kuazima, na mvua ikamruka. Iliwalowesha wa kulia na wa kushoto, yeye akabaki mkavu kama biskuti, mpaka akaona haya akarudi kwao. Kugawiana nako hakukufaa. Muuza mkaa alimpa fundi ndoo nzima kwa heshima ya marehemu. Fundi akavuka nayo barabara, akapanda barazani, akachungulia. Ndoo kavu, na chini jani moja la nyasi.

"Shemeji, si mimi niliyekunyima," muuza mkaa alimwambia.

"Najua, shemeji."

Alilizoea jambo hilo kama wengine walivyolizoea. Lililomkaa kooni ni nafasi ya mkewe. Ilikuwa mbele kabisa, pembeni, na tangu msiba hakuna aliyeikalia. Mvua ilinyesha hapo vilevile, kwa kipimo kilekile, juu ya ubao mtupu. Maji yakashuka chini, yakachimba kishimo kwenye udongo. Fundi alikaa kwenye benchi la Arsenal akilitazama lile dimbwi kuliko alivyoutazama mpira. Mtu alikufa kwa kukosa maji, na sasa yanamfuata mpaka kwenye kiti.

Binti yao alikuwa na mimba ya kwanza, ameingia mwezi wake. Mumewe ni dereva wa lori, alikuwa safarini, na simu yake haikupatikana. Fundi alimpeleka kituo cha afya kupimwa, na mkunga, mwanamke mnene asiye na maneno mengi, alimwambia bila kupepesa macho:

"Baba, uje na glavu, wembe, uzi na maji. Madumu mawili yaliyojaa. Hivyo vingine tunaweza kuazima kwa wenzenu, maji hapana."

"Na lile bomba la getini?"

"Lile lilizinduliwa, baba. Hakuna aliyesema litatoa maji."

Fundi alikwenda ofisi ya maji. Alisubiri mpaka karani akamaliza kunywa chai, akaeleza shida yake tangu mwanzo, na karani akafungua ramani mezani. Mstari wa bluu ulipita katikati ya mtaa, ukapita juu ya nyumba ya fundi.

"Haya ndiyo maji yenu, mzee. Mnayo."

Fundi aliugusa ule mstari kwa kidole. Ulikuwa mkavu.

"Halafu mbona nasikia huko kwenu mnanyeshewa," karani alisema akiikunja ramani. "Si mnaangalia mpira?"

"Wanaonyeshewa ni Manchester. Mimi Arsenal."

"Basi mzee, shida yako ni timu. Hapa tunashughulikia maji."

Alirudi kwa miguu akiusukuma moyo wake mbele kama baiskeli yenye pancha. Njiani alimpitia kinyozi, rafiki yake, aliyekaa naye kwenye benchi la Arsenal tangu wote wawili wana nywele. Kinyozi alikuwa na ratiba ya ligi kichwani kama mtu anavyojua majina ya wanawe.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi," kinyozi alisema, "sisi na Manchester. Kwao. Na ndiyo siku dirisha linafungwa. Tutawalowesha wao kwa mabao, mvua ibaki yao."

"Kutanyesha?"

"Kule? Kule wakikosa mvua wanatangaza msiba." Kinyozi akaizima mashine ya kunyolea, akamtazama kwenye kioo. "Unaulizia mvua ya nini?"

"Nauliza tu."

Jumamosi hiyo uchungu ulimshika binti mchana. Fundi alimshikilia mpaka wodini, akamwacha kwa mkunga na madumu mawili matupu yamesimama mlangoni kama ndugu waliokuja kumwona mgonjwa. Halafu akayachukua tena, akarudi nyumbani, akafungua sanduku la mkewe. Jezi ilikuwa juu kabisa. Mkewe alikuwa mtu wa mabega, na fundi alipoivaa ilimning'inia kama pazia. Angeweza kuibana ubavuni, cherehani ilikuwa palepale. Hakuibana. Alivaa ya Arsenal juu yake, akavuka barabara.

Banda lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Kabla wachezaji hawajatoka, fundi alipanda juu ya benchi la Arsenal.

"Fundi, shuka bwana, unatuziba," kinyozi alimwambia.

"Natoka Arsenal," fundi alisema. "Nakwenda Manchester."

Hata Barcelona waligeuza shingo. Fundi aliivua jezi ya juu na kumkabidhi kinyozi, na ile ya mkewe ikaonekana, na hapo ndipo matusi yalipofumuka, kama mila inavyoruhusu.

"Mvi zote hizo, kumbe ni vumbi!"

"Mzee mzima unauza timu kwa madumu mawili! Ungengoja tangi basi!"

"Umevaa gauni la Manchester, fundi! Zungusha tuone!"

"Sindano zako zikuchome mpaka za akiba!"

Kinyozi hakutukana. Aliikunja ile jezi vizuri, mikono ndani, kola juu, kama inavyokunjwa dukani.

"Nimekinyoa hicho kichwa miaka yote hii," alisema, "kumbe sikuwahi kukijua." Sauti yake ilikatika mwishoni, akajifanya anakohoa.

Fundi akavuka katikati ya mabenchi, akaketi kwenye nafasi ya mkewe, madumu mawili yenye midomo wazi kati ya miguu. Mpira ukaanza, na mvua ikaanza. Iliwanyeshea wote kuanzia muuza mkaa mpaka mtu wa beseni, na lile dimbwi lililokuwa mbele ya kiti chake likaanza kukauka. Yeye hakupata tone.

Muuza mkaa alimtupia jicho. "Shemeji, mwili umefika. Moyo bado uko kule."

"Uko njiani."

"Uambie uwahi."

Arsenal wakafunga kabla ya mapumziko. Benchi la kulia liliruka, na fundi, kabla hajajizuia, alisikia kifua chake kimepata joto kama mtu aliyepewa chai. Jasho jembamba likamtoka mgongoni. Alitazama ndani ya dumu. Kulikuwa na buibui mdogo, naye ametulia.

Wakati wa mapumziko simu ililia. Alikuwa mkunga.

"Baba, maji yako wapi? Mtoto amekaribia."

"Yanakuja, mama."

"Hapa nina maji ya kikombe. Nikinawa, sina ya kumwosha mtoto wala mama yake. Nikiwatunzia wao, nawashika na mikono hii niliyomshikia mwingine. Niamue lipi?"

Fundi aliikandamiza simu sikioni. Nyuma ya sauti ya mkunga alimsikia binti yake. Simu ikakatika, na timu zikarudi uwanjani.

Alijitahidi. Alijaribu kuwapenda Manchester, akashindwa, upendo hauamriwi. Akajaribu kumchukia kipa wa Arsenal, akashindwa vilevile. Yule kijana alikuwa hajamkosea kitu. Kila wiki fundi alikuwa akimwita mwanangu, humohumo bandani, kwa sauti. Akawatazama wachezaji wa Arsenal mmoja mmoja, kama baba anayetafuta wa kumchapa, na hakuona mwenye kosa.

Manchester wakapata penalti. Mpigaji aliuweka mpira chini, akarudi nyuma, akajipangusa mvua usoni. Fundi akaukumbuka mstari wa bluu. Akamkumbuka karani anavyoikunja ramani, na mkasi wa Mheshimiwa, na shada la plastiki ambalo mpaka leo liko kaburini linang'aa, halijanyauka hata jani. Akaona kwamba chuki anayo, tena ya kutosha, imelala ndani mwake imeshiba. Kilichokosekana ni mahali pa kuitua. Wakubwa hawakuwepo uwanjani. Siku zote wakubwa hawapo uwanjani. Waliokuwepo ni vijana kumi na mmoja wa Arsenal. Basi akaishusha yote juu yao, kama mtu anayemwaga takataka kwenye ua wa jirani asiye na kosa kwa kuwa ndio ua ulio karibu.

"Funga!" alipiga kelele. "Funga! Wamalize! Wazike!"

Mpira ukaingia. Fundi alikuwa ameshasimama, mikono ameitanua, kichwa nyuma, kama mkewe alivyokuwa akifanya. Mvua ikamshukia yote kwa pamoja. Ilimpiga usoni, ikajaa kwenye mabega ya ile jezi kubwa, ikateremka kwenye mikono mipana kama mifereji ya bati, ikaingia kwenye madumu bila kukosea mdomo. Buibui aliogelea akatoka. Madumu yalijaa mpaka juu, fundi akayafunga vifuniko, na alipoinama kuyabeba, muuza mkaa alimgonga bega.

"Karibu nyumbani, shemeji."

Hakutazama upande wa kulia. Alipofika mlangoni, mikono yote miwili na mzigo, kinyozi alikuwa amesimama pale. Kinyozi alimshikia mlango, akatazama pembeni, akaurudishia.

Njiani watu waliokaa nje ya maduka walimwuliza ngapi kwa ngapi. Alijibu hajui, na ilikuwa kweli. Alipita getini pa kituo cha afya, pale penye bomba. Ncha mbili za utepe bado zilikuwa zimefungwa shingoni mwa bomba, na wauguzi walikuwa wameanika aproni juu.

Mkunga alimimina kwenye beseni, akaondoa jani la nyasi kwa ukucha, akanawa mpaka kwenye viwiko. Alinawa kwa muda mrefu, kama mtu anayekula baada ya njaa. Fundi alisubiri kwenye korido. Mtoto alikuwa wa kike. Aliogeshwa kwa maji ya Manchester, akapiga chafya, akalia kama inavyotakiwa, na kichwani akabaki na harufu ya majani mabichi ambayo haijamtoka mpaka leo.

"Baba, maji umeyapata wapi?" binti aliuliza alipopata nguvu.

"Kwa mama yako."

Binti alitikisa kichwa kukubali. "Na hiyo jezi mbona si yako? Yako si nyekundu ile nyingine?"

"Ile nyingine nimeiacha."

"Imefungwa?"

"Haijafungwa," fundi alisema. "Inacheza vizuri sana."

Wiki iliyofuata Mheshimiwa alikuja bandani na watu wa picha. Aliwekewa kiti chenye mito mbele ya mabenchi yote. Manchester walikuwa kwao, mvua ikanyesha, na yeye akakaa humo amevaa suti rangi ya maziwa, hakupata hata tone begani. Mtu mmoja alimwuliza yeye timu gani.

"Mimi ni kiongozi," Mheshimiwa alisema. "Mimi ni wa timu zote."

Alisema pia kwamba mradi wa maji wa mtaa umekamilika kwa asilimia mia moja, kabla ya muda uliopangwa, na kwamba anawashukuru wananchi kwa uvumilivu wao. Kutoka hapo akaenda kituo cha afya, ambako wodi ya wazazi ilikuwa imefungiwa televisheni mpya na kuwekewa benchi lililopakwa rangi. Akakata utepe. Karani wa ofisi ya maji alishika mto uliobeba mkasi. Walioona wanasema televisheni ilikuwa nzuri, picha safi mno. Ungeweza kuona nyasi moja moja.

Sasa mama mjamzito akifika kituoni, mkunga anampima shinikizo la damu, anampima uzito, halafu anamwuliza timu gani. Jibu linaandikwa kwenye kadi. Wale wa Manchester wanapangiwa tarehe kwa ratiba ya ligi, wajifungue siku mvua inashuka kwenye benchi la wodini, na wengi wao hufanikiwa. Mke wa mtu mmoja wa benchi fupi la nyuma aliambiwa avumilie kidogo, kwamba mwezi wa kumi na moja huenda hata Barcelona kukanyesha. Hakuweza kuvumilia. Walizikwa pamoja, yeye na mtoto, na wakubwa wakatuma shada. Fundi alikuwepo makaburini. Aliligusa jani moja kwa kidole, akalijua, ni plastiki ileile.

Arsenal walianza msimu ule vizuri kuliko walivyowahi kuanza. Walishinda nyumbani, wakashinda ugenini, na benchi la kulia likawa linaimba tangu Ijumaa. Fundi aliwasikiliza akiwa amelowa, kwenye nafasi ya mkewe, ambako hakuna tena maji yanayoanguka bure. Manchester wakifunga, anasimama. Hajifanyi. Mvua haidanganyiki, na dumu likimtazama tupu, yeye ndiye atakayeulizwa na binti. Akirudi nyumbani anaweka chumvi mwenyewe, na siku nyingine anasahau.

Siku moja asubuhi kinyozi alipanda barazani. Walikuwa hawajasemeshana tangu ile Jumamosi. Alikuwa na jezi ya Arsenal mkononi, nembo imeachia upande mmoja.

"Nishonee hii," alisema.

Fundi aliipokea, akaigeuza ndani nje. Kinyozi hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda, akatazama cherehani ya pili, ambayo sasa ilikuwa haina shuka.

"Dirisha linafunguliwa lini tena?" kinyozi aliuliza.

"Mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza." Kinyozi alijipapasa kidevu. "Mke wa mwanangu anajifungua mwezi wa kumi na mbili."

Fundi alitunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa mara ya kwanza, akaulamba ncha, ukaingia.

"London kwenu nako kunanyesha mwezi wa kumi na mbili," alisema.

"Kunanyesha?"

"Kunanyesha. Si kama Manchester, lakini kunanyesha."

Kinyozi akashusha pumzi. Fundi akaiweka nembo ya Arsenal mahali pake, akaipima kwa kidole gumba, akaishona mstari mmoja. Halafu akarudi palepale akaishona wa pili, na wa tatu, kwa uzi mara mbili, mpaka hakuna wembe ambao ungeweza kuibandua.

"Bei usiulize," alisema, akazikata nyuzi kwa meno. "Mwambie tu mkwe aende wodini akiwa ameivaa. Na mwambie apende kweli."